Shata Isiyochoka

Mama yangu alitaka kitu kimoja tu katika miaka yake ya mwisho, nacho kilikuwa picha. Si picha yoyote tu. Alitaka picha moja ambayo ndani yake ametulia. Na huyo mama alikuwa na mtoto wa kiume mwenye studio ya picha. Nikiwasimulia watu wanacheka kwanza, nami siwalaumu. Waliosema mganga hajigangi hawakukosea hata kidogo.

Studio yetu ilikuwa Bwera, kando ya barabara inayokwenda mpakani: chumba kimoja chenye pazia la buluu, stuli, kompyuta, printa, na mashine ya kulamineti iliyonuka plastiki kila ilipopata moto. Kaka alipiga picha. Mimi nilichapa, nikakata, na nikagombana na wateja, na katika hayo matatu la mwisho ndilo nililoliweza zaidi. Siku za soko watu walivuka kutoka Kongo na vitenge na mafuta ya mawese, wengine wakaingia kwetu kupigwa picha kabla ya kurudi kwao.

Lakini sisi si watu wa Bwera. Sisi ni watoto wa kambi. Baba alikuwa polisi kutoka mashariki ya Uganda, mama alitoka kaskazini, wakaonana Kasese na kuelewana kwa Kiswahili cha kambi, kwa kuwa hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja. Tulikulia ndani ya unipoti, zile nyumba za bati za duara zinazokuoka mchana na kukugandisha alfajiri. Baba alipofariki tulipewa muda mfupi tuondoke, maana nyumba ya polisi ni ya polisi aliye hai. Mama akatoka na magodoro, sufuria, kabati la vyombo, na picha moja: yeye na baba mbele ya mlango wa unipoti yetu, baba kavaa sare, mama kavaa gomesi ya kijani, lile vazi refu la mabega yaliyoinuka la akina mama wa Uganda, ameushika mkono wa baba kana kwamba kuna mtu anataka kumnyang'anya.

Hiyo ndiyo picha pekee aliyowahi kupigwa akiwa na nguvu zake. Tulikwenda kupanga karibu na mto Nyamwamba kwa sababu huko ndiko tulikoweza, na siku moja mto ukashuka kutoka milimani na mawe na magogo, ukapita ndani ya nyumba yetu kama mwenye nyumba. Sisi tulipona. Kabati lilipona, limejaa tope. Picha haikuonekana. Mama aliendelea kuitafuta kwenye matope hata baada ya majirani kuacha kutafuta vitu vya maana zaidi. Alipokata tamaa, ndipo tukahamia Bwera, ambako kaka alikuwa ameshapata chumba cha biashara.

Huko Bwera ndiko mtetemeko ulikoanza. Kwanza kidole, kisha mkono, kisha kichwa, mpaka ikawa mtu akimtazama anadhani mama anakataa jambo muda wote: hapana, hapana, hapana. Kwenye kituo cha afya walimpa vidonge, vikaisha, wakasema huu ni ugonjwa wa kuzoea. Watoto wa jirani walimwiga kwa kutikisa vichwa, naye akawaambia, "Nyinyi munacheza bila ngoma. Mimi ngoma yangu iko ndani." Alikuwa mtu wa mzaha hivyo. Mzaha wake ulinikera, kwa kuwa nilijua unaficha nini.

Kisha akafa mwenzake wa kanisani, mwanamke waliyekuwa wakikaa benchi moja. Juu ya jeneza waliweka picha kubwa ya marehemu akicheka, ndani ya fremu, na watu wakapita mmoja mmoja wakiitazama. Mama alirudi nyumbani, akavua viatu, akaniuliza, "Mimi mutaniweka nini juu ya sanduku? Kitambulisho?" Picha ya kitambulisho chake cha taifa ilikuwa imetoka kama mtu anayeonekana kupitia moshi wa jikoni. Tangu siku hiyo akawa anaidai picha yake kama mtu anayedai haki, na kwa kweli ilikuwa haki.

Sasa nieleze habari ya kamera, la sivyo mtamhukumu kaka kabla ya wakati.

Kamera yake ya kwanza ilifia arusini, Mubuku, mbele ya bwana harusi na ukoo mzima. Ndani ya kamera kuna shata, vijipazia vyembamba vya chuma vinavyofunguka na kufungika kila unapobonyeza; hivyo ndivyo vinavyolia *kacha*. Vya kaka vilikatika bibi harusi akiwa katikati ya kulishwa keki. Kaka alifukuzwa pale kama mwizi wa kuku. Alitembea kwa miguu mpaka barabara kuu, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kusikiliza kamera badala ya kusikiliza watu.

Ya pili aliipata kwa mwongoza watalii, aliyeipata kwa mgeni mmoja aliyeshuka kutoka kwenye barafu ya Rwenzori akiwa amechoka na kila kitu alichopanda nacho. Ilikuwa kamera nzuri kuliko zote za Bwera, na ilikuwa na shata mbili. Moja ya chuma, kama ya zamani. Nyingine ya umeme, isiyo na kitu chochote kinachosogea: haifunguki, haifungiki, haisagiki, haina cha kukatika. Unachagua mwenyewe kwenye menyu. Kaka alifurahi kama mtu aliyeoa wake wawili wanaopendana.

Fundi wa Kampala alimkatia furaha hiyo. Aliichomeka kamera kwenye kompyuta yake, akasoma, akatikisa kichwa. "Hii ya chuma imelia sana huko ilikotoka," alimwambia. "Kila shata ya chuma imepewa pumzi zake, na yako iko karibu na mwisho. Ikikatika, usiniletee, maana spea yake hapa hakuna. Tumia ya umeme. Hiyo itakuzika wewe."

Kaka alirudi na maneno hayo na akayafanya sheria ya nyumba. Kwanza alijaribu kutumia shata ya umeme kwa kila kitu. Wateja wakamkatalia. Shata ya umeme haina sauti, na mtu wa kwetu hajapigwa picha mpaka asikie kwamba amepigwa. Mama mmoja wa Kikongo alikaa kwenye stuli amebana pumzi mpaka macho yakamtoka, picha ikiwa tayari imeshapigwa zamani. Nilipompa karatasi alinirudishia. "Apareyi yenu haiyalia," alisema akiinyooshea kamera kidole. "Mi sikusikia kitu. Hii foto mumetoa wapi? Piga ingine, mi nisikie." Nilimwonyesha uso wake mwenyewe kwenye karatasi. Akasema unafanana, lakini si wake. Kaka akagundua kwamba kamera ina sauti ya kuigiza ndani yake, *klik* ndogo ya redio, akaiwasha, na watu wa picha za kitambulisho wakaridhika.

Tatizo la pili halikuwa na dawa. Shata ya umeme haiuchukui uso wote kwa mara moja. Inausoma mstari kwa mstari, kuanzia paji mpaka kidevu, kama mtu anayesoma barua kwa kidole. Ukitulia, hakuna shida. Ukisogea, inakukuta pengine. Tulijifunza hayo kwa mbuzi. Kaka alikwenda kwenye sherehe ya mahari ya Bakonzo, wenyeji wa milima ile, huko Mahango juu mlimani, ambako mahari ni mbuzi, na mbuzi hao hupigwa picha wakiingizwa uani ili kusije kuwa na maneno baadaye. Maneno yalikuja vilevile. Mbuzi mmoja alikuwa anakimbia, na kwenye picha miguu yake ikatoka imepinda kama ndizi. Mjomba wa bibi harusi akashuka mpaka Bwera, akaitandika picha mezani kwangu. "Hii mbuzi kiwete! Walitupa mbuzi kiwete!" Nikamuuliza mbuzi mwenyewe yuko wapi. Yuko nyumbani, amefungwa nyuma ya jiko, anakula. Je, anachechemea? Hapana. Basi? "Lakini picha inasema!" Waliitishana kikao, na yule mbuzi mzima alirudishwa akabadilishwa kwa sababu ya picha. Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu. Kaka hakucheka.

Ndipo akagawa kazi. Shata ya chuma ilikuwa ya arusi, mahari, kambi na shule, yaani watu wanaosogea na wanaolipa. Shata ya umeme ilikuwa ya picha za vitambulisho, bidhaa za wafanyabiashara, na misiba. Kwenye misiba ilimfaa hasa: haipigi kelele wakati wa maombi, na marehemu hasogei. Na nyumbani pia, bila shaka. Nyumbani ilikuwa ni ya umeme tu.

Ukitaka kujua sheria hiyo aliitoa wapi, fungua kabati la mama. Ndani yake kulikuwa na vikombe vya kioo vyenye maua mekundu ambavyo sisi watoto hatukuwahi kunywea. Vilikuwa vya wageni. Sisi tulikunywa chai kwenye vikombe vya plastiki vilivyoliwa na meno, na ukithubutu kugusa cha maua unachapwa. Mafuriko yalipotutoa, kitu cha kwanza mama alichoosha tope kilikuwa ni vile vikombe. Kizuri hakitumiwi na wa nyumbani. Wa nyumbani watakuwepo kesho. Alitulea hivyo, na kaka alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko mimi.

Kwa hiyo mama alipokaa kwenye stuli mara ya kwanza, kaka alimpiga kwa shata ya umeme. Mama alikuwa amevaa gomesi mpya ya kijani aliyoishona kwa ajili hiyo tu, na aliushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto ili usimharibie kazi. Kichwa hakuna wa kukishika. Nilichapa. Sikutaka kumpa, lakini alikuwa amesimama nyuma yangu.

Paji lilikuwa limekwenda upande huu, pua upande ule, kidevu kimerudi tena. Macho hayakuwa kwenye mstari mmoja. Mama aliitazama muda mrefu, nayo karatasi ikitetemeka mikononi mwake.

"Huyu ni mimi niko ndani ya mto," alisema.

Alicheka, kisha hakucheka tena. Kaka alipiga nyingine, na nyingine, na zote zilikuwa za mtu aliye chini ya maji. Nilijaribu kwa simu yangu. Simu nayo ina ugonjwa uleule, maana haina shata ya chuma. Kamera za filamu, zile zilizodumu miaka na miaka bila kuchoka, zilikuwepo bado kwenye makabati ya watu, lakini duka lililosafisha filamu pale Kasese lilikuwa limegeuka kuwa la kutuma pesa kwa simu. Kila kitu kilichodumu hakikuwa na kazi tena, na chenye kazi hakikudumu. Hayo ndiyo maisha niliyoyaona, na sijaona mengine.

"Piga mimi na ile ya chuma," mama alimwambia.

"Nitapiga, mama. Ngoja kidogo. Kuna arusi mbili hapa mbele, halafu shule inafunga."

"Si picha moja tu?"

"Mama, nayo moja inaweza kuwa ya mwisho."

Tulijua alichomaanisha. Shata ile ndiyo iliyotulisha, na hakuna aliyejua pumzi ngapi zimebaki. Mama mwenyewe hakumsukuma sana. Alielewa mambo ya vikombe. Lakini kila baada ya wiki chache aliitoa gomesi, akainyoosha juu ya kitanda, akairudisha, na mimi niliyelala chumba kimoja naye ndiye niliyeona. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililoumia halikuwa la kaka.

Nikamchokoza kaka mpaka akaahidi. Afande mmoja wa kambi yetu ya zamani, Kasese, alikuwa amepandishwa cheo na akaandaa sherehe pale kambini. Kaka akaitwa kupiga. Akamwambia mama: "Twende wote. Kazi yenyewe ni ndogo, picha chache tu. Nikimaliza, nakupiga mbele ya mlango wa unipoti yetu. Kwa shata ya chuma, na flashi. Hutatetemeka hata kidogo." Ile flashi na shata ya chuma zikishirikiana zinaweza kumsimamisha hata mbuzi anayeruka. Mama hakulala vizuri kwa furaha. Alinisumbua nimsuke nywele ambazo hazikubaki nyingi za kusuka.

Unipoti yetu ilikuwepo. Ilikuwa imepigwa rangi upya na ndani yake mlikuwa na mke wa konstebo na mtoto mchanga. Mama alimweleza kwa heshima kwamba yeye ni mke wa marehemu fulani aliyekaa humo, na kwamba angependa kupigwa picha mlangoni. Yule mke alitutolea kiti, akafagia mbele ya mlango, akaondoa beseni la nguo. "Karibu mama, kaa. Hii ni kwako pia." Mama akakaa. Aliangalia mlango, akaangalia pale mahali baba aliposimama, na nikamwona akisogeza kiti kidogo upande wa kushoto, kama mtu anayemwachia mwingine nafasi.

Sherehe ilikuwa ng'ambo ya uwanja wa paredi, pale polisi wanapopigia gwaride. Kutoka tulipokuwa tulimwona kaka akiwa mdogo kama kidole, na tulimsikia: *kacha*. Kimya. *Kacha*.

"Inalia vizuri," mama alisema.

Kisha afande akashiba. Alitaka picha na wakubwa wenzake, kisha na kila idara, kisha na wake wa wakubwa. Kisha akawapanga vijana wake mistari na kuwaambia waruke juu kwa pamoja, kofia mkononi, kama alivyoona kwenye picha ya kambi nyingine. Walipoteremka, mmoja alikuwa hajaruka.

"Wewe mutu ya kamera! Rudia!"

*Kacha, kacha, kacha.*

"Nani hajaruka? Wote chini! Juu! Piga! Piga nyingi! Unaogopa nini, kamera ni yako?"

Sikuhitaji kuwa karibu kujua uso wa kaka ulivyokuwa. Hakuna anayemwambia afande kwamba shata imepewa pumzi zake. Mama aliketi pale amefunga macho akisikiliza, na kila *kacha* ilipokuja kidevu chake kiliinuka kidogo. Mimi nilitamani kukimbia kuvuka uwanja niinyakue ile kamera shingoni mwake mbele ya wakubwa wote. Sikukimbia. Uwanja wa paredi haukatizwi na raia. Hilo tulifundishwa kabla ya kufundishwa kusoma.

Vijana wakaruka tena. *Kacha.* Wakaruka tena, na safari hii ulisikika mlio mwingine, kama kijiti kikavu kinavyovunjika ndani ya mfuko. Halafu hakukusikika kitu.

Mama akafungua macho. "Imemaliza?" aliuliza.

Tulimwona kaka akiinamia kamera, akiigeuza, akiifuta. Tulimwona akiongea na afande na afande akimpungia mkono aende zake, maana yeye alikuwa ameshapata zake nyingi. Kaka akavuka kwa kuzunguka uwanja wote pembeni, polepole, na ilimchukua muda mrefu kutufikia. Alisimama mbele ya mama, mama akanyoosha gomesi magotini, akashika mkono kwa mkono, akainua uso. Kaka akainua kamera.

*Klik.*

Ile ya redio. Alikuwa ameiwasha njiani.

Mama alimtazama. Mke wa konstebo alikuwa anatabasamu mlangoni na mtoto wake, hajui lolote.

"Hiyo ni ya uongo, mwanangu," mama alisema taratibu, asije yule mwenyeji akasikia.

Kaka hakuishusha kamera. Nadhani alikuwa analia nyuma yake.

"Piga tu," mama akasema. "Nimeshavaa."

Akapiga nyingi. Zote tunazo. Mlango umenyooka, bati limenyooka, hata beseni la nguo lililosahauliwa pembeni limetoka kama lilivyo. Mama peke yake ndiye aliyekwenda na maji.

Nilimchukia kaka kwa muda mrefu, na nilimwambia. Yeye hakujitetea, na hilo liliniudhi zaidi. Alipeleka kamera Kampala, fundi akamwonyesha vile vijipazia: kimoja kilikuwa kimekunjika na kingine kimepasuka, vyembamba kama karatasi ya sigara, na hakuna wa kuvirudisha. Alichoniambia kaka aliporudi ni kwamba ile ya umeme haina tatizo lolote. Niliona nimpige na kitu.

Ng'ambo ya barabara yetu kulikuwa na studio nyingine yenye kamera ya kawaida na shata nzima ya chuma. Nilimbembeleza mama twende, dakika chache tu, kaka akiwa safarini. Alinikatalia kama anayemkatalia mtoto mchafu kugusa vikombe. "Bwera yote itasema mtoto wake ameshindwa na sura ya mama yake," alisema. "Huyu kijana atainua kichwa wapi? Mimi ni wa kuondoka. Yeye ni wa kubaki." Nikamwambia kaka hastahili. Akasema si habari ya kustahili. Gomesi ikarudi sandukuni, na safari hii hakuitoa tena.

Alifariki asubuhi moja ya mvua, kimya kimya, chai yake ikiwa bado moto pembeni. Wanawake wa kanisa walikuja, wakamwosha, wakamvika ile gomesi ya kijani, wakamlaza sebuleni karibu na dirisha. Mmoja wao akatuuliza, kwa upole tu, picha ya jeneza iko wapi. Watoto wenye studio hawawezi kukosa picha.

Kaka aliingia chumbani akatoka na kamera. Nikamshika mkono. "Si hiyo," nilimwambia.

"Ni ipi ingine?"

Nikamwachia mkono. Alifungua dirisha, mwanga ukaingia. Alipiga magoti. Nilimwona akiingia kwenye menyu na kuizima ile sauti ya kuigiza. Kisha akabonyeza, na hapakusikika kitu, na hakuna aliyejua kwamba mama amepigwa picha isipokuwa sisi wawili.

Nilichapa mimi. Ilipotoka kwenye printa sikuamini macho yangu. Kila unywele wa nyusi ulikuwa mahali pake. Paji, pua, kidevu, vyote kwenye mstari mmoja. Hata kovu dogo la utotoni karibu na mdomo, ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka kwa sababu halikuwahi kusimama nilitazame. Shata ile ilimsoma mstari kwa mstari kutoka juu mpaka chini, na safari hii ikamkuta. Ilikuwa imengoja tu awe mtu inayemweza. Nililia juu ya printa mpaka wanawake wa kanisa wakaja kunitoa.

Wote walisema imetoka vizuri sana. Ilikaa juu ya jeneza, na watu wakapita mmoja mmoja wakiitazama, kama alivyotaka.

Kamera ingali inafanya kazi. Shata ya umeme haijachoka na haitachoka, fundi hakudanganya. Kaka aliitundika picha ile ukutani juu ya stuli, nami sikuwa na nguvu ya kubishana. Macho yamefumbwa, wateja wanadhani ni mwanamke anayeomba. Juzijuzi aliingia mama mmoja na binti yake mdogo, wa picha ya shule, mtoto asiyetulia, anazunguka na stuli, anacheka, anageuka. Mama yake akamshika mabega, akamwonyesha ukutani.

"Ona huyu bibi," alimwambia. "Ona anavyojua kukaa kwa picha. Kaa kama yeye."

Mtoto akainua macho, akamtazama mama yangu, akatulia. Kaka akabonyeza.